Sebule ya Siku Moja

Wiki jana niliwaacha nimesimama jikoni, simu sikioni, jasho shingoni. Shangazi Milka alikuwa amekata simu baada ya kuniambia maneno machache tu: "Jumamosi saa nane mchana nakuja kuiona hiyo sebule yako."

Wewe uliyejiunga nasi leo nitakueleza kwa ufupi, na nitasema ukweli, maana uongo ndio ulionifikisha hapa.

Jina langu Kibet. Natunza wazee hapa Birmingham, huu mwaka wa tatu. Nampenda Orpha, binti anayefanya kazi duka la dawa, ambaye tunaimba naye kwaya moja. Orpha hana mzazi huku Uingereza ila shangazi yake, Milka, nesi wa miaka mingi anayekaa Kingstanding. Kila anayemtaka Orpha lazima apite kwake.

Wawili walipita kabla yangu. Wa kwanza alikuwa akiishi ndani ya gari la kusambazia mikate. Wa pili alikuwa akichangia choo na shule ya karate. Shangazi aliwarudisha wote wawili, na yule wa karate alirudishwa kabla hata ya kumaliza chai.

Zamu yangu ilifika baada ya ibada, mlangoni mwa kanisa.

"Kijana, una sebule?"

Akili ilisema sina. Kinywa kikasema, "Ninayo."

"Kubwa?"

"Watu kumi wanakaa bila kugusana magoti."

Sebule! Mimi hata chumba sikuwa nacho. Nilikuwa na nusu.

Nakaa Sparkhill, juu ya duka la nguo za harusi, pale pale Stratford Road. Mwenye nyumba ni Mzee Shem, Mkenya mwenzetu na mzee wa kanisa letu, mtu wa suti na tai hata akienda kununua maziwa. Chumba kikubwa cha mbele alikipiga ukuta wa jipsamu katikati, akatoboa mlango wa pili, vikawa vyumba viwili. Yeye huita hivyo kupanua nyumba.

Ukuta wenyewe ulipita katikati ya dirisha. Nusu ya kioo yangu, nusu ya jirani. Hita ilibaki kwangu, kishikio cha kufungulia dirisha kikabaki kwake. Nikisikia joto nagonga ukuta, yeye anafungua. Akisikia baridi anagonga, mimi naongeza hita. Balbu ilikuwa moja kwa wote wawili, kwa hiyo ukuta haukufikishwa darini, ili mwanga ugawanyike. Swichi ilikuwa upande wake. Jirani akimaliza maombi akasema "Amina", mimi niko gizani na kijiko mdomoni.

Jirani huyo ni Baba Valère, Mkongomani wa Bukavu, fundi cherehani aliyepita miaka hamsini, mtu mpole anayepiga pasi hata shati la kulalia.

Jumamosi saa tatu asubuhi nikagonga ukuta.

"Unataka hewa?" akauliza.

"Hapana, Baba Valère. Leo nina shida na ukuta wenyewe."

Nikamweleza yote. Akacheka mpaka jipsamu ikatikisika.

"Kibet, weye iko muongo kabisa! Batu kumi? Humu? Miye nikigeuka ku kitanda, pua inagusa ukuta."

"Nisaidie, Baba. Tuutoe kwa masaa mawili tu. Wakiondoka tunaurudisha, Mzee Shem hatajua."

Akaacha kucheka. Nikajua amekataa. Kisha nikasikia droo ikivutwa, na kitu cha chuma kikagonga upande wa pili.

"Ukuta hii naijua," akasema. "Njo miye nilisaidiaka Shem kuisimamisha. Iko na vis douze. Skrubu kumi na mbili, basi. Inashuka pole pole kama mutoto."

"Mungu akubariki!"

"Ngoja. Iko sharti moja. Miye sitoki. Kesho bwana-arusi anakuja kuchukua kostime yake, na mikono ya koti bado sijashona."

"Sasa nitasema wewe ni nani?"

"Sema miye ni mutu anashona. Ni uongo?"

Haikuwa uongo. Nikachukua bisibisi.

Kufikia saa tano ukuta ulikuwa chini, mbao tatu kubwa za jipsamu, na sisi wawili tumesimama tukitazamana kama watu waliovuliwa nguo. Miezi saba tulikuwa tunaongea kila siku, na sikuwa najua kwamba Baba Valère ana mmea wa nyanya kwenye kopo.

Kisha tukaliona dirisha, lote.

Msinicheke. Upande wangu nilikuwa naona mabasi yakija tu. Upande wake yeye alikuwa anayaona yakienda tu. Sasa tukasimama bega kwa bega tukalitazama basi moja likitokea huku, likipita mbele yetu, likipotelea kule, na Baba Valère akasema taratibu, "Tiens. Kumbe ni ile ile."

Furaha hiyo haikudumu. Ukuta ulitakiwa kufichwa.

Tukaupeleka kwenye korido. Korido ilikuwa na baiskeli tatu na friji iliyokufa. Tukaupeleka bafuni. Ukaingia, ila mlango haukufungika, na mpangaji wa chumba cha nyuma alikuwa ndani anaoga, akatuuliza kwa ukali kama tumekuja kumjengea. Tukaushusha ngazi. Ukakwama kwenye kona, tukaupandisha tena kwa matusi ambayo mwanakwaya hapaswi kuyajua.

Baba Valère akakaa chini, akajifuta paji la uso.

"Birmingham hii," akasema, "hata ukuta inakosa fasi ya kulala."

Neno kulala ndilo lililotuokoa. Vitanda vyetu vyote viwili vilikuwa vimeinuliwa juu ya matofali ili masanduku yaingie chini. Tukavisogeza vikagusana. Tukalaza mbao za ukuta juu yake. Baba Valère akafunua robota la satini nyeupe ya mabibi harusi, akaitandika mpaka chini. Ikawa meza. Na si meza ya kubahatisha, ilikuwa meza ya kukalisha maaskofu. Nikaazima viti saba kwenye duka la chini, vile wanavyokalia mabibi harusi wakijaribu viatu.

Kengele ililia saa saba na nusu. Shangazi hakuwa mtu wa kungoja saa nane aliyoitaja mwenyewe.

Nikafungua nikiwa na aproni, vumbi la jipsamu limenijaa kichwani, na sikujua.

"Mbona una mvi leo?" akauliza Shangazi Milka, akanipita.

Nyuma yake alikuwa Orpha. Alipoingia alilitazama dirisha, akalitazama tena, akanitazama mimi kwa namna ambayo sikuielewa. Hakuonekana kufurahi. Alionekana kama mtu aliyepanda basi akakuta linaelekea kwingine.

Shangazi hakuvua koti kwanza. Aliupima upana wa chumba kwa hatua zake, kisigino kwa kidole, akaupima na urefu. Akagusa hita. Akafungua dirisha, akalifunga. Akageuka.

"Na huyu mzee?"

"Huyu ni mgeni wangu," nikasema.

"Miye ni mwenyeji," akasema Baba Valère, wakati huo huo.

Shangazi akatutazama kwa zamu.

"Mwenyeji wa Bukavu," Baba Valère akaongeza haraka, akainama. "Kazi yangu ni kushona. Enchanté, Mama. Koti hii ya kwako, mukono wa kushoto inapita wa kuume kwa urefu. Nitakurekebishia."

Shangazi Milka akaitazama mikono ya koti lake. Alikuwa amelivaa miaka minne bila kujua. Tangu hapo hakumuuliza tena Baba Valère ni nani, akamwita Fundi, na akamwachia koti.

Tukaketi. Nilikuwa nimepika kuku na chapati, na nilijitahidi.

"Meza ndefu namna hii uliipata wapi?"

"Niliikuta humu nilipohamia, Shangazi."

Hilo ndilo lilikuwa jibu langu la kwanza la kweli siku hiyo. Orpha akakohoa ndani ya glasi yake.

Shangazi akaweka kiwiko mezani. Kiwiko kikazama. Mbao ile ilikuwa na tundu tulilotoboa zamani la kupitishia waya wa chaja, maana soketi ilikuwa kwangu tu.

"Hapa pana shimo!"

"Ya mwavuli, Mama," akasema Baba Valère bila kuinua macho kwenye sindano yake. "Ni meza ya jardin. Ya bustanini."

"Aa," akasema Shangazi. "Kama zile za matajiri wa Moseley."

"Njo vile."

Akala. Akala tena. Akakubali chapati ya tatu. Kisha akafuta midomo, akakunja kitambaa.

"Kibet, nilikuja hapa nikijua wewe ni mwongo kama wenzako. Nimekosea. Nimeridhika."

Ningeruka hadi darini. Nikamgeukia Orpha nicheke naye. Orpha alikuwa anatazama saa ya simu yake.

Shangazi akainuka, akaenda hadi kwenye hita, akatandaza mikono.

"Kitanda changu kitakaa hapa."

"Kitanda chako, Shangazi?"

"Wewe unafikiri nimetafuta sebule mwaka mzima ya nini? Ya kutazama?" Akaketi tena, na sauti ikapungua ukali. "Mwanangu Eric amerudi nyumbani na mke na mapacha. Kila chumba Kingstanding kimejaa. Mimi na Orpha tunalalia kochi moja, yeye kichwa huku, mimi kichwa kule. Mwanamke niliyetandika vitanda vya hospitali miaka thelathini sina pa kuweka kandambili zangu. Nikamwambia Orpha, siku ukipata mwenye sebule, tunahama wote."

Nilikuwa nimedanganya ili nipate mke, na sasa nilikuwa nimepata mke na mama mkwe kwenye nusu chumba.

Papo hapo mlango wangu ukafunguliwa kwa ufunguo.

"Ni hapa," akasema Mzee Shem akiingia, suti ya kijivu, tai nyekundu, tepu ya kupimia mkononi. "Tutaanza kupima kutoka..."

Akasimama. Akautafuta ukuta wake kwa macho. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akanitazama mimi.

"Mzee Shem!" akasema Shangazi Milka kwa furaha. "Nawe umekuja kumtembelea Kibet?"

Hapa lazima mjue jambo moja. Shangazi Milka ndiye mwenyekiti wa kamati ya makazi ya kanisa. Kila mgeni anayefika Birmingham bila pa kulala, yeye ndiye humwelekeza kwa Mzee Shem, kwa sababu Mzee Shem alisimama mbele ya kanisa zima akasema kwake kila mtu hupata chumba kizima. Kwa hiyo mzee huyo hakuweza kuuliza ukuta uko wapi bila kukiri kwamba ulikuwapo.

"Ndiyo," akasema kwa shida. "Kumtembelea."

Nyuma yake akajitokeza kijana mwembamba mwenye miwani, amekumbatia sufuria ya umeme ya kupikia wali. Alikuwa Sylvestre, mwanafunzi Mtanzania kutoka Bukoba, aliyefika juzi.

"Shikamooni," akasema kwa adabu. Akatoka, akaenda kwenye mlango wa pili wa korido, akaufungua, akatukuta tena sisi wale wale. "Shikamooni tena."

"Ingia, mwanangu, keti," akasema Shangazi. "Unatafuta nini?"

"Samahani, mama. Mzee aliniambia chumba changu kitakuwa nusu ya nusu ya ndugu Kibet. Sasa mimi hata hiyo nusu yenyewe sijaiona."

Mzee Shem akaificha tepu ya kupimia mfukoni.

"Nusu ya nusu ni nini?" akauliza Shangazi Milka.

"Ni lugha ya ujenzi," akasema Mzee Shem, akaketi haraka kwenye kiti cha mwisho wa meza. Akaegemea. Meza ikalia kwii, maana chini yake ni springi za kitanda. Akashtuka. Akainua ncha ya satini achungulie, na hapo akaona kwenye ubao mwandiko wake mwenyewe kwa penseli, mshale na neno moja: JUU.

Mzee wa watu alijizuia. Nilimwona akijizuia. Mishipa ya shingo ilimtoka, tai ikapanda.

Kisha akashindwa.

"Huu ni ukuta wangu! Mnakula kuku juu ya ukuta wangu!"

Shangazi Milka akaweka chini paja la kuku.

"Ukuta?"

Hapo nikasimama, nikavua aproni, nikasema yote. Mlango wa kanisa, watu kumi, magoti, skrubu kumi na mbili. Nikasema jinsi hita ilivyo yangu na kishikio cha dirisha kisivyo changu. Nikasema sina sebule na sijawahi kuwa nayo. Sikuona aibu kwa Shangazi kama nilivyoona kwa Orpha, ambaye hakunitazama hata mara moja.

"Na chini ya ukuta kuna nini?" akauliza Shangazi.

"Kitanda, Mama," akasema Baba Valère. "Iko mbili. Weye umeegemea ya kwangu."

Shangazi akajiondoa mezani kama aliyeungua. Akaanza na Mzee Shem. Akamwuliza ni wangapi kanisani wanaolala kwenye nusu, na Mzee Shem akajibu kwamba neno nusu lina maana nyingi, na Shangazi akamwambia ataeleza maana hizo Jumapili mbele ya kamati nzima. Kisha akanigeukia mimi.

"Wa karate alikuwa mkweli. Orpha, twende zetu."

Orpha hakuinuka.

"Mimi nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba ni nusu. Shangazi, kila tukipigiana simu ya video naona nusu ya dirisha na mabasi yanayokuja tu. Miezi saba hakuna hata moja lililoenda. Si ningekuwa mjinga?" Akanigeukia, na macho yalikuwa yanawaka. "Haki Kibet, kati ya siku zote, siku ya kubomoa ukuta ukachagua leo?"

"Nilitaka Shangazi aridhike!"

"Mimi nilitaka akasirike! Nilijua ataona nusu chumba, atakasirika, ataondoka kwa dakika tano kama kwa yule wa karate. Halafu tungebaki mimi na wewe. Kuna mtu anakuja saa tisa."

"Mtu gani?"

Akashusha pumzi. Sasa ikawa zamu yake ya kuungama, na mimi nikakaa kusikiliza juu ya kile kiti cha bibi harusi.

Kuna mteja wa dawa za presha, akasema, mwalimu mstaafu anaitwa Bi Vandana, mzaliwa wa Kisumu, anayeishi Moseley kwenye nyumba kubwa ya zamani. Anaishi peke yake. Anataka kutoa ghorofa nzima ya juu kwa mume na mke watulivu, wamsaidie kazi za nyumbani, wamwongeleshe Kiswahili asije akakisahau. Ana masharti mawili. Wawe wameoana. Wasije na jamaa.

"Lakini sisi hatujaoana," nikasema.

"Nilimwambia tuna miaka miwili."

"Orpha!"

"Wewe ulisema watu kumi na magoti! Mimi nimesema miaka miwili. Anakuja kuona tunavyoishi, kama ni wasafi. Sikukwambia kwa sababu nilijua ukijua utamwambia Shangazi, na Shangazi akijua..."

Wote tukamtazama Shangazi Milka. Alikuwa ameshaketi tena, mgongo umenyooka, mikono mapajani.

"Nyumba hiyo ina vyumba vingapi?" akauliza kwa upole ambao sikuwahi kuusikia.

"Kumi na vinne."

"Kumi na vinne," akanong'ona Mzee Shem upande wa pili wa meza. Macho yake yalikuwa yamepanda darini na midomo inacheza kidogo kidogo, kama mtu anayegawanya.

"Mimi nitakuwa mama yako mzazi," akasema Shangazi. "Tumefanana."

"Shangazi, amesema wasije jamaa!"

"Mama si jamaa."

Ilikuwa saa tisa kasoro dakika tano. Kengele ikalia.

Sijawahi kuona watu wakitafuta pa kujificha kama siku hiyo, na hapakuwa na pa kujificha. Chini ya vitanda kulikuwa na masanduku. Kabati la Baba Valère lilikuwa na suti kumi na moja za watu. Sylvestre alisimama kwenye kona, akainua ile sufuria ya wali ikamfunika uso. Mzee Shem hakutafuta. Alibaki kwenye kiti chake cha mwisho wa meza, akaiweka tai sawa, akafuta vumbi kwenye bega la suti. Nilifikiri ni mshtuko.

Orpha akakimbia ngazi kufungua. Mimi nikajipangusa. Vumbi la kichwani likashuka usoni.

Bi Vandana aliingia polepole, kikongwe mdogo mwenye raba nyeupe na koti la mvua, anapumua kwa nguvu baada ya ngazi, na anacheka.

"Hodi! Nasema hodi, usishangae. Mimi mtu ya Kisumu." Akatupa macho chumbani. "Lo. Watu mingi."

"Ni sherehe ndogo," akasema Orpha. "Ya kanisa. Wanaondoka sasa hivi."

"Karibu," wakasema wote, na hakuna aliyeondoka.

Bi Vandana aliitazama satini. Aliitazama meza yote hadi mwisho wake, na pale mwisho akamwona mtu wa suti ya kijivu na tai nyekundu. Uso ukamchangamka.

"Wewe ndiyo Kibet! Orpha iliniambia bwana yake mtu ya heshima, mtu ya kanisa. Niliona tu, nikajua."

Nikafungua kinywa. "Hapana, mama, mimi ndiye..."

Mzee Shem alikuwa ameshasimama. Sijui mtu wa umri wake alipata wapi wepesi ule. Alizunguka meza, akanipita, akaupokea mkono wa Bi Vandana kwa mikono yake miwili.

"Ndiye mimi," akasema. "Karibu sana, mama. Mke wangu amenieleza habari za nyumba yako mpaka nimeiota. Vyumba kumi na vinne, na wewe peke yako! Lazima viwe vikubwa."

Sindano ya Baba Valère ikaanguka. Shangazi Milka akafungua mdomo, akafikiri, akaufunga. Nilimwona akifikiri, wasomaji wangu, na sitamsamehe.

"Mzee kidogo," Bi Vandana akamwambia Orpha, "lakini safi. Na huyu? Huyu ya unga kichwani?"

Mzee Shem akanishika bega kama baba.

"Huyu ni fundi wa ukuta. Anamalizia kazi, halafu anaondoka."

"Vizuri. Basi, twende kuona nyumba sasa hivi. Bwana na bibi tu. Teksi inangoja chini."

Nikamtazama Orpha. Akisema neno moja, uongo wake wa miaka miwili unafunuliwa na nyumba inakwenda. Asiposema, anakwenda yeye. Mzee Shem alikuwa mlangoni, amemnyooshea mkono.

Orpha alinitazama. Akautazama ule mkono. Kisha akachukua koti lake kitini, akaanza kulifunga vifungo, kimoja kimoja, kuanzia chini.